Dakika Ngapi kwa Kuku wa Kuzungusha? Tulichojifunza Jioni Moja ya Ramadhani

 

Tangu tulipoweka picha ya kuku wetu wa sikukuu, maswali hayakatiki. Moto kiasi gani? Dakika ngapi? Mbona wangu anababuka nje na ndani bado? Leo cherehani tumezifunika, tumekaa tujibu. Ila majibu haya yana kisa chake, na kisa chenyewe hakitupendezi sana kukisema. Tutakisema vile vile, kwa sababu tukikupeni dakika tupu bila ya kisa, mtazitumia kama tulivyozitumia sisi, na mtaharibu kama tulivyoharibu.

Kwa dada wageni: sisi ni mawifi wawili, tunakaa Gombani hapa Chake Chake, karibu na uwanja wa mpira kiasi cha kusikia goli limeingia kabla mtu hajatwambia. Mmoja wetu ndiye anayeandika lakini maneno ni ya wote wawili. Sote tuliishia fomu foo, sote tukasomea ushoni, na riziki yetu ya kila siku ni magauni, mabuibui na sare za skuli. Kuku ni kazi ya Ijumaa, ya sikukuu na ya Ramadhani. Ilianza pale shangazi aliyeko Muscat alipotutumia oveni ya umeme yenye chuma cha kuzungusha. Unamchoma kuku kwenye kile chuma, unambana kwa uma mbili, unabonyeza, anazunguka mwenyewe mbele ya moto huku mafuta yake yanamrudia mwilini. Ndiyo maana nyama yake haikauki.

Siku za mwanzo tulicheka sana. Kuku wa kwanza hatukumfunga, mabawa yakaning'inia yakawa yanagonga koili, jikoni kukanuka unyoya. Wa pili tukamfunga kwa uzi wa dukani kwetu, ule wa poliesta wa kushonea. Mafundi wazima! Uzi ukayeyuka ukamgandia, tukamtupa. Dada, kuku anafungwa kwa uzi wa pamba, mnene, mweupe, usiotiwa rangi. Nailoni na poliesta viacheni kwenye nguo.

Baadaye mkono ukazoea, oda zikaja, na hapo ndipo tulipojiona tumeshajua.

Jioni yenyewe

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Tulikuwa na oda za kuku wanane na oveni yetu inachukua wawili kwa mkupuo mmoja. Hesabu tukaifanya juu ya karatasi tunayokatia vipimo: mikupuo minne, kila mmoja saa moja na dakika kumi, na dakika kumi za kutoa na kuingiza. Tukaanza saa saba mchana. Mikupuo mitatu ilitoka salama. Wa nne ukaingia saa kumi na moja jioni, na tulitaka utoke saa kumi na mbili kamili ili uwahi kufika kabla ya adhana.

Saa kumi na moja ya Ramadhani hapa kwetu mnaijua. Kila nyumba imewasha chake, huyu anasaga juisi, yule ana jiko la umeme, friji zote zinavuma. Umeme ukawa mdogo. Taa ya ndani ya oveni ikafifia, na sisi tuliiona. Lakini chuma kilikuwa kinazunguka kama kawaida, na mtu akiona kitu kinazunguka hudhani kinaiva.

Dakika ya 40 kuku walikuwa bado weupe. Badala ya kuwapigia simu wenye oda tukawaambia tutachelewa, tukachukua asali tukawapaka. Asali ina sukari, na sukari huwahi kubabuka. Dakika ya 60 kuku walikuwa wekundu wanang'aa, wazuri kuliko wote wa siku ile. Mmoja wetu alishika kisu amchome mmoja pajani amtazame. Mwenzake akamwambia, "Usimtoboe wifi, utamharibu sura." Kisu kikarudi mezani. Tumefunga, hatuonji. Tukawafunga kwenye foili, bodaboda akaondoka nao.

Baada ya magharibi tulikuwa tumekaa na uji wetu, akabisha mjukuu wa bibi mmoja jirani, mtu mzima anayeheshimiwa mtaani, ambaye jioni ile alikuwa amewaalika wakwe wa binti yake. Mtoto amebeba sahani imefunikwa kawa. Akasema, "Bibi anakusalimuni. Kasema mtazame pajani." Basi, hakuongeza neno.

Tukafunua. Juu alikuwa mwekundu kama tulivyompeleka. Paja lilipokatwa, nyama ilikuwa ya waridi, na maji mekundu yamekusanyika sahanini.

Dada zetu, bibi yule angetutukana ingekuwa nafuu. Tulifikiria sinia lile mbele ya wakwe, kisu kinaingia, watu wanatazamana, na mwenye nyumba anatafuta la kusema.

Kuku wa pili

Mkupuo ule ulikuwa na kuku wawili. Wa pili alikwenda Machomane. Kutoka huko hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyekuja.

Hapa ndipo penye kisa. Kwa dakika kadhaa tulikaa kimya, na kila mmoja wetu alijua mwenzake anawaza nini. Pengine yule alikuwa mdogo akaiva. Pengine wameshakula na wameridhika. Kama kuna lolote wangesema. Tukienda tutajifedhehesha bure, na kesho mji mzima utajua kwamba kina fulani wanauza kuku wabichi. Mmoja wetu alilisema kwa mdomo: "Tuache. Allah ni mwenye kusitiri."

Kisha tukakumbuka kisa ambacho sote tulisomeshwa madrasa tungali wadogo, kile cha Mtume (S.A.W.) na muuza nafaka sokoni. Alipita penye fungu la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, kisha akasema lile neno zito juu ya mwenye kughushi ambalo hapana mwanafunzi wa madrasa asiyelijua. Miaka yote tulidhani kisa kile ni cha wenye maduka makubwa na mizani mbovu. Usiku ule tulijiona sisi. Juu mkavu, chini unyevu, na asali tumeipaka kwa mikono yetu.

Umeme haukuwa kosa letu. Asali ilikuwa letu.

Tukapiga simu, haikupokelewa, watu wako tarawehe. Tukajitanda, tukachukua bodaboda mbili mpaka Machomane. Mama wa nyumba ile alishangaa kutuona. Kuku, akasema, hata hawajamgusa. Watu walifuturu kwa tambi na muhogo wa nazi wakashiba, kuku wamemweka ale daku baba yao, ambaye wiki ile ile alikuwa ametoka hospitali na hamu ya chakula ndiyo kwanza inamrudia.

Tulimkata pale pale mbele yake. Alikuwa mbichi kama mwenzake.

Hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Kuku mbichi huwa na vijidudu vya kuharisha, salmonela na wenzake, na mzee aliyedhoofika havihimili kama tunavyohimili sisi. Tukamrudishia fedha zake. Asubuhi tukapeleka kuku mwengine Machomane na mwengine kwa bibi, na fedha za bibi pia tukarudisha. Faida ya siku ile ilikwisha na ya siku ya pili ikaanza kuliwa. Lakini tulilala usingizi.

Nguo ukiikosea unaifumua na kuishona upya. Chakula kikishaingia tumboni mwa mtu hakifumuliki. Tofauti hiyo ndogo hatukuwa tumeikalia tukaifikiria mpaka usiku ule.

Sasa dakika zenyewe

Baada ya sikukuu tulinunua vitu viwili: mizani ya jikoni na kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano. Tangu hapo hatukadirii kuku kwa jicho. Tunampima kama tunavyompima mtu kabla ya kukata kitambaa, maana kuku wa kilo moja na kuku wa kilo moja na nusu hawavai dakika sawa.

Washeni oveni itupu dakika 10 kwanza ishike moto. Nyama iwe imeyeyuka barafu yote. Kuku wa barafu anataka usiku mzima ndani ya friji, tena kwenye bakuli ili maji yake yasidondokee vyakula vyengine. Aliye na barafu kifuani ataiva mabawa na katikati atabaki jiwe. Kisha:

Kuku wa kisasa: moto 180 hadi 190. Hesabu dakika 20 kwa kila nusu kilo, halafu ongeza dakika 20. Wa kilo moja ni dakika 60, wa kilo moja na nusu ni 80, wa kilo mbili ni 100. Mkiwa na wawili kwenye chuma kimoja, hesabuni uzito wa yule mkubwa, na waachieni nafasi baina yao moto upite.

Kuku wa kienyeji: huyu katembea, ana misuli. Akiingia moja kwa moja anatoka kama ukanda. Mchemsheni kwanza kwa moto mdogo na thomu, tangawizi na chumvi, nusu saa mpaka dakika 40, akiwa mzee zaidi ya hapo. Mkaushe, mpake viungo, kisha dakika 35 hadi 40 za kuzunguka. Supu msimwage.

Bata: moto 180. Wa kilo mbili anakwenda karibu saa mbili. Ngozi yake itoboeni toboeni kwa uma bila kufika nyamani, mafuta yapate njia. Sinia la chini litajaa, limwageni katikati ya safari kwa uangalifu, mafuta yakirukia koili yanawaka.

Paja la mbuzi: moto 160, taratibu. La kilo moja na nusu linataka saa mbili na zaidi kidogo. Mbuzi wetu hawana mafuta mengi, kwa hiyo tunalikandika papai bichi lililosagwa pamoja na ndimu na viungo kwa saa mbili, si kulilaza nalo. Papai linalainisha nyama kweli, ila likizidi nyama inakuwa kama uji juu. Saa ya mwanzo tunalifunga foili ibane sawasawa isije ikagusa koili, ya pili tunafungua lipate rangi.

Nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa: moto 170. Ikunjeni kama roli la kitambaa, ifungeni uzi wa pamba kila upana wa vidole viwili. Dakika 30 kwa kila nusu kilo, na 30 za juu. Kilo moja ni saa moja na nusu, na hapo imeiva kama tupendavyo, bila ya damu.

Lakini dakika zinakwambia lini ufungue mlango utazame, hazikuambii kama imeiva. Hilo unaulizwa mfupa. Ingizeni sindano ya kipimajoto penye nyama nene ya paja bila kugusa mfupa. Kuku na bata wafike digrii 74. Mbuzi na ng'ombe wa kipande kizima salama yao huanzia 63, ukiwapumzisha angalau dakika tatu kabla ya kukata, lakini kwetu Pemba nyama hailiwi hivyo, sisi tunaipeleka mpaka 75 na zaidi. Msidanganywe na rangi peke yake. Kuku mdogo anaweza kuwa na wekundu karibu na mfupa ilhali kaiva, na mwengine akawa mweupe ilhali bado. Asiye na kipimajoto amchome pajani kwa kisu: maji yatoke meupe kabisa, na mguu ukizungushwa uchie kwenye kiungo chake. Sura itaharibika kidogo. Iharibike.

Akitoka mpumzisheni dakika 10 hadi 15 kabla ya kumkata, maji yatulie nyamani. Na asali, au tende iliyosagwa, au chochote chenye sukari, kipakwe dakika 15 za mwisho tu, baada ya kujua ndani kumeiva. Asali ni pambo la nguo iliyokwisha kushonwa.

Kuhusu umeme wetu

Umeme wa Pemba tangu mwaka 2010 unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Tuliokuwa wakubwa kabla ya hapo tunayakumbuka majenereta, tunashukuru. Lakini jioni za Ramadhani unapokuwa mdogo, jueni hesabu hii, tuliyoelezwa na kijana fundi wa umeme hapa mtaani: oveni ya wati 1,500 imetengenezwa kwa volti 230. Zikishuka mpaka 200 mtu atadhani ni kidogo tu, lakini moto unaopotea ni karibu robo nzima, inabaki kama wati 1,130. Na ile mota ndogo ya kuzungusha haijali, inaendelea kuzunguka. Ndicho kilichotupata.

Dalili yake ni taa ya moto. Oveni ikifika joto ulilotaka, ile taa huzimika, halafu huwaka tena, inakwenda hivyo hivyo. Nusu saa ikipita haijazimika hata mara moja, moto haujafika. Msianze kuhesabu dakika zenu. Na mlango msiufungue kila mara kutazama, kila mkifungua mnautoa moto nje.

Umeme ukikatika kabisa kuku akiwa nusu, msimwache ndani ya oveni kungojea. Uvuguvugu ndio wanaoupenda wale vijidudu. Sisi huwa tuna seredani na mkaa tayari. Tunamkata vipande, tunamtia kwenye sufuria, tunampalia moto juu na chini mpaka aive. Hatakuwa wa kuzungusha tena, lakini atakuwa halali ya fedha ya mtu.

Na fanyeni kama tunavyofanya sasa: oda za futari tunazichoma mapema, mkupuo wa mwisho unaingia saa tisa, si zaidi. Mwenye kuja saa kumi tunamwambia samahani dada, leo nafasi imekwisha. Tunapoteza oda. Shangazi tulipomlalamikia alicheka, akasema huko Oman nyama ya shuwa hufukiwa shimoni siku nzima mpaka mbili na hakuna anayekwenda kulifukua kwa sababu mgeni amefika. Nyama ikiwa bado, mgeni ndiye anayengoja.

Yule bibi jirani bado ni mteja wetu. Ijumaa mbili baadaye alituma oda, na mjukuu alikuja na ujumbe mwengine: "Bibi kasema mumtoboe." Tangu siku hiyo kila kuku anayetoka kwetu ana tundu moja dogo pajani. Wateja wapya huuliza ni la nini. Tunawaambia ni alama ya dukani.

Ramadhani haiko mbali, dada. Mwenye swali atuulize, mwenye njia bora atufundishe. Allah atujaalie riziki ya halali, mikono yenye amana, na vyakula vilivyoiva ndani kama vilivyoiva nje. Amin.

Wassalaamu alaykum,
mawifi zenu wa Gombani